Kila Mwezi na Chakula Chake

Hadithi, hadithi!

Najua mmeitikia "Hadithi njoo!", hata wewe unayesoma kimyakimya umejificha nyuma ya mwenzako. Haya, sogeeni. Leo simleti sungura wala fisi. Leo nawasimulia mwaka mmoja wa Songea, mwezi kwa mwezi, nikifuata kile kinachoingia chunguni. Na kwa kuwa hadithi bila kitendawili haijakolea, nawategea kimoja: pale soko la Manzese kuna mama anauza majani, na kwa majani hayohayo analinda mto Ruvuma, ilhali hana sare wala bunduki. Tukifika mwezi wa tatu muwe mmekitegua. Asiyekitegua atanipa mji.

Novemba na Desemba: mvua ya kwanza

Kalenda ya ukutani huanza Januari. Kalenda ya mkulima wa Songea huanza pale mvua inapodondoka, kwa kawaida kati ya Novemba na Desemba, ikaendelea hadi Aprili au Mei. Wenzetu wa Bukoba na Moshi wana vuli na masika. Sisi wa kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua. Ukiukosa huo, usubiri mwakani.

Chakula cha kwanza cha mwaka huu wetu hakuna aliyekipanda. Mvua ikishapiga vizuri, jioni yake kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuruka kufuata taa. Watoto wanajua la kufanya: beseni la maji chini ya balbu, basi. Wadudu hudondoka, mbawa zikabaki zinaelea. Hukaangwa kwenye kikaango kikavu, bila kuongeza mafuta kwa sababu wanayo yao, kisha hunyunyiziwa chumvi na kupepetwa kwenye ungo hadi mbawa za mwisho zipeperuke. Kinachobaki ni kitoweo cha ugali.

Sasa tazameni kumbikumbi huyo anatoka wapi. Yeye ni mchwa aliyeota mbawa, ameondoka kichuguuni kwenda kuanzisha ukoo wake. Ndugu zake waliobaki chini wanakula majani makavu na miti iliyokufa, na kwa kazi hiyo wanarudisha rutuba kwenye udongo. Wapo mchwa wanaolima kabisa: ndani ya kichuguu hufuga ukungu wa chakula chao, na mvua ikinyesha ukungu huo huchomoza juu kama uyoga mkubwa mweupe ambao bibi zenu wanaujua vizuri.

Uyoga mwingine hauoti kichuguuni. Huota chini ya miombo, yaani ile misitu inayotuzunguka ukitoka Songea kwenda Namtumbo au Madaba. Nyuzi zake nyembamba huizunguka mizizi ya miti; mti huupa uyoga sukari uliyoitengeneza kwa jua, na uyoga huusaidia mti kupata maji na madini. Ni ubia. Ndiyo maana ukikata mti kwa ajili ya mkaa, usitegemee kurudi mwakani na kikapu kuchuma uyoga palepale. Mbia mmoja akifa, biashara imekwisha. (Na sikilizeni hili: uyoga hauchumwi bila mtu mzima anayeujua. Mwingine unafanana na mzuri lakini unaua.)

Januari na Februari: miezi ya kubana mkanda

Maembe yakiwa yanaishia, mashamba ni ya kijani lakini maghala yameshuka. Mahindi yamefika kiunoni, hayaliwi. Hii ndiyo miezi ambayo nyumba nyingi huhesabu madebe yaliyobaki. Kinachookoa ni mboga zinazoota upesi: mchicha, mnafu, majani ya kunde, msusa. Ukienda sokoni utazikuta zimepangwa mafungu juu ya turubai, zimenyunyiziwa maji, bei yake imeshuka kwa sababu kila shamba linazo. Hapo ndipo mtoto anapojifunza siri ya kwanza ya msimu: kitu kikiwa tele, huwa kitamu na huwa rahisi. Nyanya unayoitafuta mwezi wa mvua nyingi, wakati ukungu unaishambulia shambani, itakugharimu, na aliyeilima huenda alilazimika kuipulizia dawa mara nyingi.

Februari ina jambo jingine kwetu. Kila mwaka watu hukusanyika Makumbusho ya Majimaji hapa Songea kuwakumbuka mashujaa. Mmezoea kusikia habari za mikuki, bunduki na maji ya dawa. Mimi nataka kuwaonyesha vita hiyo mkiwa mmesimama mlangoni mwa ghala.

Vita ya Majimaji dhidi ya utawala wa Wajerumani ilianza mwaka 1905 kwenye vilima vya Umatumbi, na mojawapo ya mambo yaliyowachosha watu ni kulazimishwa kulima pamba. Fikirini: jembe ni lako, mgongo ni wako, mvua ni ileile moja, halafu unaambiwa upande kisicholiwa. Vita ikaenea hadi Ungoni. Wajerumani walipoona watu hawajasalimu amri, waligeukia chakula. Wakachoma mashamba, wakateketeza au kuchukua nafaka iliyokuwa ghalani. Tarehe 27 Februari 1906 waliwanyonga viongozi wengi wa Wangoni hapa mjini. Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu umebeba jina lake, naye walimnyonga. Lakini kamba ya kitanzi haikuua watu wengi kama njaa. Hadi vita inakwisha mwaka 1907, wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya laki mbili na laki tatu, na wengi wao waliuawa na njaa pamoja na maradhi yaliyoifuata.

Kwa hiyo mtu akikuambia kuwa habari za ghala na shamba ni mambo ya wazee tu, mpeleke makumbusho. Babu zetu walishindwa pale chakula chao kilipoteketezwa.

Machi na Aprili: mboga iliyotambaa

Sasa mahindi yamebeba. Mjini, jioni, majiko ya mahindi ya kuchoma yanawaka Bombambili na Lizaboni, na nyumba nzima inanukia maboga. Tumefika kwenye kitendawili.

Msusa ni majani ya mmea wa maboga. Ukiununua, usiutie chunguni vivi hivi. Shika kikonyo cha jani, kivunje kidogo nchani, kisha vuta: utepe mwembamba wenye miba midogo utachomoka na kutelemka hadi kwenye jani. Zungusha, vuta tena. Ukimaliza, katakata, chemsha, mimina karanga zilizotwangwa, koroga kwa subira ili zisishike chini. Ugali wake utaliwa hadi sufuria ing'ae.

Mama wa Manzese hakuutoa msusa huo kwenye shamba la maboga matupu. Maboga hupandwa katikati ya mahindi, na shina lake hutambaa chini likitandaza majani mapana. Mvua ya Machi inaponyesha kwa hasira, matone hayaupigi udongo mtupu, yanapiga jani kwanza. Jua likirudi, jani hilohilo linazuia unyevu usikauke. Udongo ukibaki shambani hauteremki mtoni, na mto usiojazwa udongo huendelea kutiririka. Mto Ruvuma unaanzia hapa hapa kwetu, milima ya Matogoro, ile mnayoiona mkiwa uwanjani mnacheza, kisha unashuka kuwa mpaka wetu na Msumbiji hadi Bahari ya Hindi. Shilingi unayompa mama yule inamrudisha shambani msimu ujao akiwa na mbegu za maboga mkononi. Angekosa mteja, angepanda mahindi matupu.

Hukukitegua? Nipe mji. Umenipa Mbinga? Nimekwenda Mbinga, nimekula, nimekunywa, na nimerudi na hadithi.

Mbinga ni kama kilomita 100 magharibi ya Songea, nyumbani kwa Wamatengo, na milima yake ni mikali kiasi kwamba mgeni hushangaa mtu analimaje bila kuporomoka. Wao wana ngoro. Kabla ya kulima, hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, mlima ukawa na miraba mitupu. Kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Pembeni panakuwa na matuta, katikati panabaki shimo. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kupanda. Ukitazama ukiwa ng'ambo ya bonde, mlima mzima unafanana na sega la nyuki.

Mvua ikipiga, maji hayapati njia ya kukimbia. Yanajaa mashimoni, yananywea polepole, na udongo uliotaka kutoroka unanaswa humo. Nyasi zilizozikwa zinaoza na kuwa mbolea bila mtu kwenda dukani. Mwezi wa tatu hupandwa maharage juu ya matuta, msimu unaofuata mahindi, na magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Wamatengo wamelima hivyo kwa zaidi ya miaka 100, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani walifunga safari kwenda kujifunza. Wengine hufunga safari kwenda kufundisha. Hawa walikwenda kuwa wanafunzi wa jembe.

Kuchimba ngoro ni kazi nzito. Kijana wa leo anaweza kuuliza, "Ya nini yote hii, si nilime kwa haraka tu?" Jibu mojawapo liko sokoni Songea, kwenye sado ya maharage. Wanunuzi wakiwepo, jasho la ngoro linalipa.

Mei, Juni na Julai: ghala linajaa

Baridi inaingia. Asubuhi mnakwenda shule na masweta, pumzi zinatoa moshi. Karanga zimeng'olewa, mpunga umevunwa, viazi vitamu vinachimbwa, na mahindi yanakauka shambani yakisubiri mikono. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi kwa mahindi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, huja kununua hapa, na malori hujipanga.

Hapa naona mkono umenyooshwa. "Bibi, naona unataka tule vya kwetu. Je, watu wa Dodoma nao wakisema hivyohivyo, mahindi yetu atanunua nani?"

Umeniuliza swali la mtu mzima, mjukuu wangu. Sikusema tufunge mipaka. Dodoma mvua ni chache, na mahindi ya Songea yakifika huko yanaokoa watu. Sisi wenyewe chumvi hatuna, tunaipokea kutoka kwa wenzetu. Ninachosema ni utaratibu: kwanza tunakula kile ambacho ardhi yetu imekitoa mwezi huu, kisha tunauza ziada, kisha tunanunua kile tusichokuwa nacho. Anayeuza gunia la mwisho mwezi wa saba ili anunue mchele wa kupendeza, mwezi wa pili atalirudisha gunia lilelile kwa bei ya juu. Na anayeuza, auze kwa mizani, akatae lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu, mkulima akalipwa moja ilhali ametoa moja na zaidi.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walikuwa wanazungumzia akiba iliyokauka. Mahindi yakiingia ghalani na unyevu, hushika ukungu, na aina fulani za ukungu hutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Huioni, huinusi, wala moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu, na wapo waliokufa. Kwa hiyo mahindi huanikwa juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo mtupu, na yaliyooza hutengwa. Kuna kipimo ambacho hata mtoto anaweza kukifanya: chukua chupa kavu ya kioo, tia punje hadi theluthi yake, ongeza chumvi kavu mkono mmoja, funika, tikisa, kisha iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Chumvi ikibaki kavu chini, weka ghalani au kwenye ile mifuko isiyopitisha hewa, ambamo fukusi hufa kwa kukosa pumzi bila unga wa dawa.

Msimu wa mavuno ndio msimu wa sherehe, na sherehe ya Songea bila togwa ni mkutano. Togwa inaanzia kwenye ulezi. Ulezi hulowekwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa: hicho ndicho kimea. Kando, uji mzito wa unga wa mahindi huchemshwa na kuachwa upoe hadi uwe vuguvugu. Unapotia kimea na kukoroga, jambo la ajabu hutokea mbele ya macho yako: uji uliokuwa mzito kama wa kuubeba kwa mwiko unalegea, unakuwa mwepesi, na ukionja umekuwa mtamu bila sukari hata kijiko. Ndani ya ulezi uliochipua kuna vimeng'enya vinavyouvunja wanga wa mahindi kuwa sukari. Ukiilaza usiku kucha, bakteria wazuri wanaongeza ule uchachu unaokata kiu. Mahindi ni ya Ruvuma, ulezi ni wa Ruvuma, na pesa ya kila kikombe imebaki Ruvuma. Chupa ya soda nayo inakata kiu, lakini sehemu kubwa ya pesa yake inapanda basi siku hiyohiyo.

Agosti na Septemba: mbaazi zilizofungiwa mlango

Kiangazi kimekolea, na mbaazi zinavunwa Namtumbo na Tunduru. Huu ni mmea wa heshima. Mizizi yake inakwenda chini sana, na juu ya mizizi hiyo wanaishi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Shamba lililopandwa mbaazi linabaki na nguvu kwa ajili ya mahindi yanayofuata.

Kwa miaka mingi mteja mkubwa wa mbaazi za Tanzania alikuwa India, wanakopenda dali. Bei ikapanda, wakulima wakapanua mashamba. Agosti 2017 serikali ya India, kwa kuwa wakulima wake walikuwa wamevuna sana, ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia kutoka nje. Huku kwetu bei ikaporomoka. Watu wakabaki na magunia ndani, ada za shule zikasubiri. Hapo ndipo tulipoanza kuhimizana: jamani, si tule wenyewe?

Lakini mazoea hayajengwi kwa siku moja. Pwani wanazijua mbaazi kwa nazi, tena asubuhi na mandazi. Bara wengi walizilima kama wanavyolima wengine tumbaku, zao la kupakia lori. Funzo si kwamba kuuza nje ni kubaya. Funzo ni kwamba mlango wa soko la mbali una mwenye ufunguo, na huyo si wewe. Mkulima ambaye majirani zake wanakula anachokilima, siku mlango huo ukifungwa atapungukiwa, lakini hatabaki na magunia tu. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Oktoba: mlima, mto na tunda la mbali

Huu ni mwezi wa vumbi na moshi. Mtu anachoma shamba kulisafisha, mwingine anachoma nyasi kutafuta panya, upepo unafanya yaliyobaki, na Matogoro inawaka. Maji ya bomba ya mji wetu yanategemea mto Ruhila, unaotoka kwenye milima hiyohiyo. Mlima ukipoteza miti yake, mvua ya Desemba haizami, inateleza, na ikifika Oktoba hakuna cha kutiririka. Ukifungua bomba likakoroma bila maji, usimlaumu fundi peke yake. Tazama juu mlimani.

Mboga za mwezi huu zinatoka mabondeni, ambako udongo bado una unyevu: kabeji, chainizi, nyanya, vitunguu. Hapa nisiwadanganye. Kuna bustani ya jirani isiyofaa, nayo ni ile inayolimwa hadi kwenye ukingo wa kijito. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto au chanzo cha maji. Chainizi iliyotoka karibu na nyumbani lakini imekausha kijito, hiyo haijamsaidia mtu.

Tuje kwa tunda la mbali. Kwenye meza za matunda mjini utaona epo, jekundu, limebandikwa kikaratasi. Mengi ya maepo hayo yanatoka Afrika Kusini. Yamechumwa huko, yakawekwa kwenye baridi, yakasafirishwa maelfu ya kilomita hadi Dar es Salaam, halafu yakapanda tena karibu kilomita 950 kupitia Iringa, Makambako na Njombe hadi kwako. Njia yote hiyo injini zilikuwa zinanguruma.

Wengi wanadhani huo moshi wa lori ndio dhambi kubwa ya chakula. Mwaka 2018 watafiti Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha utafiti uliokusanya takwimu za mashamba 38,700 hivi ya nchi 119. Walikuta kwamba usafiri unatoa sehemu ndogo tu, chini ya moja ya kumi, ya hewa chafu inayosababishwa na chakula. Sehemu kubwa inatoka shambani kwenyewe: misitu inayofyekwa, mbolea inayotiwa kupita kiasi, mifugo inayofugwa kwa wingi. Kwa hiyo swali la kwanza ni "Kimelimwaje?", na "Kimetoka wapi?" linafuata. Uzuri wa chakula cha karibu ni huu: kile cha karibu unaweza kwenda kukiona kikilimwa. Shamba la maepo huwezi kulitembelea Jumamosi. Shamba la Mletele au Peramiho unaweza, na mwenye shamba unaweza kumuuliza, "Shikamoo mama, haya maji unayatoa wapi?" naye akakuonyesha.

Na kabla hujalilia epo, kumbuka kuwa mwaka unapokaribia kugeuka, miombo inatoa masuku. Hayapandwi, hayapigwi dawa. Yaliyoiva hudondoka yenyewe, ganda lake la kahawia unalibana kwa vidole, ndani kuna nyama ya njano yenye utamu wa asali. Mtoto aliyekua Songea bila kuyala masuku ana deni.

Kitoweo nacho kina kalenda yake. Dagaa wa Ziwa Nyasa hawafuati mvua tu, wanafuata mwezi wa angani. Usiku wa giza wavuvi wa Mbamba Bay na Liuli huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaifuata, nyavu zikateremka. Mwezi ukiwa mpevu, taa haina maana, wavuvi wanapumzika na dagaa wanapata nafasi. Wakishavuliwa huanikwa juani bila kuni wala umeme, kisha wanapanda milima ya Mbinga kuja kwetu. Ziwa hilo lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, na tukiwahimiza wavuvi kutumia nyavu za matundu madogo mno, tutakula kizazi kizima kwa mlo mmoja.

Kazi yenu

Mwaka umezunguka, mawingu yanakusanyika tena, kumbikumbi wako mlangoni. Hadithi yangu nimeifikisha, sasa nawapa kazi, kwa sababu hadithi ya msimu haimalizwi kwa kusikilizwa.

Chukueni karatasi kubwa, mchore miezi 12 kwa duara. Waulizeni bibi, mama, na muuza mboga wa karibu: mwezi huu nini kinavunwa, nini kinakaushwa, nini kinaota chenyewe porini? Jazeni. Bandikeni ukutani darasani au karibu na jiko. Ukitumwa sokoni, peleka kikapu chako; mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kikapu hakikuwahi kuchafua mto. Ukifika, msalimu muuzaji, kisha uliza mawili tu: "Kimetoka wapi?" na "Kimelimwaje?" Mwanzoni wataona unasumbua. Ukiuliza kila wiki, watakuwa na jibu, na wiki inayofuata watalichagua jibu zuri kabla hawajakuchagulia mboga.

Mwalimu akisema shule inatafuta chakula cha mchana cha wanafunzi, mwambieni makande ya mahindi na mbaazi yapo, na aliyelima yuko kijiji cha pili. Na ukiwa na kipande cha ardhi, hata kama ni nyuma ya choo, tia mbegu mbili za maboga mvua ikianza. Usisubiri kuwa mkubwa. Mvua ya Songea ni moja kwa mwaka, haitakusubiri.